MATONE MAWILI MDOMONI: HISTORIA YA CHANJO YA KUNYWA, KUTOKA BONDE LA RUZIZI HADI BANDUNG



  

Kila zinapotangazwa siku za chanjo ya matone, maswali yale yale hurudi misikitini, madrasani na majumbani kwetu. Mbona hawa wanatufuata mpaka mlangoni bila kuitwa? Mbona chanjo hii ni ya bure na hali dawa ya malaria tunanunua? Ni kweli kwamba ndani yake mna nguruwe? Na ni kweli kwamba ndiyo iliyoleta ukimwi kule Kongo? Wapo wanaowacheka wazazi wenye kuuliza hivyo. Sisi hatuwacheki. Kila swali kati ya hayo lina historia nyuma yake, na historia hiyo wengi wetu hatujasimuliwa. Tumeona tuiandike kwa urefu kidogo kwa ajili ya wazazi, na hasa wanafunzi wetu, bila kuziruka zile sehemu zinazouma. Mzazi akipewa nusu ya habari, nusu iliyobaki ataijaza mwenyewe kwa uvumi.

Na sehemu moja kubwa ya historia hii haikutokea mbali. Ilitokea hapa kwetu, katika bonde la mto Ruzizi.

KWA NINI MDOMONI?

Kirusi cha polio huingia kwa mdomo, kupitia maji, chakula na mikono iliyoguswa na kinyesi. Kikifika tumboni hukaa kwenye utumbo na kuzaliana humo. Watoto wengi hawaoni chochote au hupata homa ndogo tu ikapita. Lakini kwa wastani mtoto mmoja kati ya 200 wanaoambukizwa, kirusi huvuka kikaingia kwenye mishipa ya fahamu, na mguu au mkono ukapooza maisha yote. Wengine hupooza misuli ya kupumulia wakafa. Hatari yake kubwa ni wale 199 wengine, kwa sababu wanacheza uani, wanakwenda chooni, na hakuna anayejua kwamba wanagawa ugonjwa.

Chanjo ya kwanza ilikuwa ya sindano. Dkt. Jonas Salk wa Marekani alitengeneza chanjo ya virusi vilivyouawa, na tarehe 12 Aprili 1955 ikatangazwa kwamba inafanya kazi. Wiki hizo hizo msiba ukatokea. Baadhi ya chanjo iliyotoka kiwanda cha Cutter huko California ilibaki na virusi hai ambavyo havikuuawa sawasawa, watu wapatao 200 wakapooza na 10 wakafa. Tangu hapo masharti ya kukagua viwanda vya chanjo yakawa makali sana. Hata ikiwa salama, sindano ya Salk ilikuwa na upungufu mmoja. Ilimlinda mtoto asipooze, lakini haikuulinda utumbo vya kutosha, kwa hiyo mtoto aliyechanjwa aliweza kubeba kirusi na kumpa mwenzake.

Wako watafiti waliofikiri tofauti. Ikiwa ugonjwa unapita mdomoni, basi na kinga ipite njia hiyo hiyo. Walitaka kirusi kilicho hai, kilichodhoofishwa hata hakiwezi tena kupoozesha, kimezwe na mtoto, kikae tumboni wiki chache na kuufundisha utumbo wenyewe kujilinda. Chanjo ya namna hiyo haihitaji sindano wala muuguzi, maana mtu yeyote aliyefundishwa kidogo anaweza kudondosha matone mawili. Tena hutoka na kinyesi ikawafikia hata watoto wa jirani ambao hawakupewa. Kuna faida kubwa hapo, na kuna hatari pia, tutaifikia mbele in shaa Allah.

NANI ALIKUNYWA KWANZA?

Hilary Koprowski alikuwa Mpolandi aliyekimbia vita akaishia Marekani. Mwaka 1948, katika maabara ya kampuni ya Lederle karibu na New York, alisaga mchanganyiko wenye virusi vilivyodhoofishwa ndani ya panya, akaunywa mwenyewe pamoja na msaidizi wake Thomas Norton. Walisema una ladha kama mafuta ya samaki. Miaka miwili baadaye, tarehe 27 Februari 1950, alimpa mtoto wa kwanza katika Letchworth Village, nyumba ya watoto wenye ulemavu wa akili, kisha wengine hadi wakafika 20. Hakuna aliyeugua. Alipowaeleza wenzake katika mkutano wa mwaka 1951 wengi walishtuka, na hatuwalaumu, kwa sababu watoto wale hawakuweza kusema ndiyo wala hapana.

Mshindani wake alikuwa Albert Sabin, aliyezaliwa mwaka 1906 katika familia ya Kiyahudi mjini Białystok, akahamia Marekani mwaka 1921, na kufanya kazi yake kubwa Cincinnati. Sabin alikuwa mtu mgumu, mkali kwa wenzake na mkali zaidi kwa chanjo yake mwenyewe. Alikiotesha kirusi kwenye seli za figo za kima, akakihamisha mara nyingi, kila mara akichagua kile kilichozidi kuwa dhaifu, na akakijaribu kwa maelfu ya kima kuona kama bado kinaweza kupoozesha. Kisha akakinywa yeye, mke wake na binti zake wawili, na baada yao wakafuata wafungwa waliojitolea katika gereza la Chillicothe, Ohio. Sisi leo tungeuliza mfungwa ana uhuru gani wa kujitolea, lakini huko ndiko utafiti wa zama hizo ulikofanyika.

Walihitaji sasa watu wengi, na Marekani watoto walikuwa wameshachomwa sindano ya Salk. Kila mmoja akatafuta kwingine.

BONDE LA RUZIZI, 1958

Koprowski, ambaye kufikia wakati huo alikuwa mkuu wa Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, alipata mlango kwa Wabelgiji. Maabara ya serikali ya kikoloni huko Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, iliongozwa na Dkt. Ghislain Courtois, na karibu yake palikuwa na kambi ya Lindi ambako mamia ya sokwe walifungwa kwa ajili ya majaribio ya chanjo hii. Chanjo yenyewe iliitwa CHAT.

Kuanzia tarehe 24 Februari hadi 10 Aprili 1958, katika bonde la Ruzizi pande zote za mto, Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, watu 215,504 walipewa chanjo hiyo mdomoni kwa muda wa wiki sita. Hawakuwa watoto peke yao, na watu wazima walikuwemo. Mwaka huo huo ripoti ikachapishwa katika jarida la madaktari wa Uingereza. Baadaye walichanjwa watoto wadogo wapatao 76,000 wa Léopoldville. Kabla ya hapo hakuna mahali popote duniani ambapo chanjo ya polio ya kunywa ilikuwa imepewa watu wengi kiasi hicho. Wazee wetu wa Uvira, wa Bukavu na wa pembezoni mwa Usumbura walikuwa wa kwanza, na vitabu vya shule vya watoto wetu havina hata mstari mmoja juu yao.

Je, waliulizwa? Hapana, hawakuulizwa kwa maana tunayoielewa leo. Waliitwa na serikali wakapanga mstari. Watu wa pande hizi walikuwa wameshazoea miaka mingi kuitwa hivyo kwa sindano za ugonjwa wa malale, ambazo hazikuwa jambo la hiari, na mstari wa mwaka 1958 ulikuwa amri nyingine kama zile. Ripoti za wakati huo hazikuonyesha madhara yaliyotokana na chanjo. Hata hivyo mtu anaweza kukutendea wema na bado akakudhulumu kwa kutokukuuliza, na sisi tunaamini kwamba uvumi uliokuja baadaye ulipata nguvu kutokana na ukimya ule kuliko ulivyopata kutokana na chanjo yenyewe.

Uvumi wenyewe tunaujua sote. Mwaka 1999 mwandishi wa Kiingereza Edward Hooper alitoa kitabu kinene kiitwacho The River, akidai kwamba CHAT iliyotumika Kongo iliandaliwa kwa figo za sokwe wa Lindi, na kwamba kirusi cha ukimwi kiliingia kwa wanadamu kwa njia hiyo. Hoja yake haikuwa ya kihuni. Aliwahoji watu wengi, na wanasayansi waliichukua kwa uzito wakaipima, na hapo ndipo ilipoanguka. Sampuli za CHAT zilizokuwa zimehifadhiwa zilichunguzwa katika maabara mbalimbali, hazikuonekana na kirusi cha sokwe wala chembe za sokwe, bali chembe za kima wa Asia, kama watengenezaji walivyosema tangu mwanzo. Mwaka 2004 ikaonyeshwa kwamba kirusi wanachobeba sokwe wa eneo la Kisangani ni cha ukoo tofauti na kile cha ukimwi ulioenea duniani, ambacho asili yake ni sokwe wa upande wa Kameruni. Na mwaka 2008, kwa kulinganisha sampuli za zamani za Kinshasa za mwaka 1959 na 1960, watafiti walikadiria kwamba ukimwi ulianza kuenea kwa wanadamu mwanzoni mwa karne ya 20, miongo mingi kabla Koprowski hajafika Afrika. Tusisahau pia kwamba CHAT hiyo ilipewa watoto mamilioni huko Poland mwaka 1959 na 1960, na janga la ukimwi halikuanzia Poland.

Kwa hiyo tukiulizwa kama wazee wetu wa Ruzizi walitumiwa, tunajibu ndiyo, walitumiwa kupima jambo ambalo hawakuelezwa. Tukiulizwa kama waliambukizwa ukimwi kwa njia hiyo, jibu ni hapana. Haya ni majibu mawili, na anayeyachanganya kuwa moja anawakosea wazee hao mara ya pili.

PIPI ZA MOSCOW

Sabin naye alipata mlango mahali ambapo Mmarekani hakutarajiwa kabisa. Mwaka 1956, katikati ya vita baridi, madaktari watatu wa Kisovieti, Mikhail Chumakov, mkewe Marina Voroshilova, na Anatoli Smorodintsev, walikwenda Marekani kujifunza juu ya polio. Sabin akawapa mbegu za virusi vyake bila kudai malipo. Smorodintsev alimpa kwanza mjukuu wake. Chumakov na mkewe walianza na watoto wao wa kiume, wakawapa kwa sukari. Baada ya hapo chanjo ikatengenezwa kwa wingi, mpaka ikafanywa pipi ndogo ambazo mtoto anazimumunya kwa furaha, na kufikia mwisho wa mwaka 1960 watu wapatao milioni 77 wa Umoja wa Kisovieti walikuwa wameshapewa, wakiwemo ndugu zetu Waislamu wa Uzbekistan na nchi nyingine za Asia ya Kati.

Takwimu hizo ndizo zilizomaliza ubishi. Kati ya mwaka 1961 na 1963 chanjo ya Sabin ikapewa vibali Marekani, na ndiyo iliyochaguliwa na dunia badala ya ile ya Koprowski, kwa sababu vipimo vya kima vilionyesha kwamba virusi vya Sabin ni dhaifu zaidi. Sabin hakuisajili kama mali yake. Aliyeuliza kwa nini matone ni ya bure, sehemu ya jibu iko hapo. Hakuna anayelipwa haki ya kuvumbua, na dozi moja hugharimu senti chache za dola. Sehemu ya pili ya jibu ni kwamba polio haimalizwi kwa kumkinga anayeweza kulipa. Kirusi kikibaki kwa mtoto mmoja asiyefikiwa, kinaweza kurudi kwa wote. Ndiyo maana tunafuatwa mlangoni.

NDANI YA KIWANDA, NA SWALI LA NGURUWE

Hebu tuingie kiwandani kidogo. Kirusi hakioti peke yake kama bakteria, kinahitaji seli hai. Zamani kila mara zilichukuliwa figo za kima wapya, na hilo lilileta shida. Mwaka 1960 iligunduliwa kwamba kima wengine walikuwa na kirusi chao kilichoitwa SV40, nacho kilikuwa kimeshapita ndani ya chanjo nyingi za polio, za sindano na za kunywa. Baada ya hapo yakawekwa masharti ya kukitafuta na kukiondoa. Viwanda vingi sasa vinatumia seli ziitwazo Vero, ambazo zote ni uzao wa figo ya tumbili mmoja wa Afrika iliyooteshwa Japani mwaka 1962. Ni seli zilezile zinazoendelea kugawanyika, zimechunguzwa, zinahifadhiwa kwenye baridi kali, na hakuna haja ya kuchinja mnyama kila mara.

Juu ya seli hizo humwagwa mbegu ya kirusi. Mbegu hiyo haitengenezwi upya kila mwaka. Inatokana na zile alizoziandaa Sabin mwaka 1956, na hairuhusiwi kwenda mbali nazo zaidi ya vizazi vichache, kwa kuhofia kwamba ikihamishwa sana tabia yake itabadilika. Baada ya siku chache kimiminika huvunwa, huchujwa, hupimwa kwa muda mrefu kuliko ulivyotumika kukitengeneza, hugandishwa, kisha huchanganywa na chumvi au sukari ya kukilinda na joto, na kujazwa kwenye vichupa. Rangi ya waridi mnayoiona ni ya dawa ya kupimia uchachu. Kwenye kichupa mna duara lenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Ukilingana na duara au kuwa mweusi zaidi, imeharibiwa na joto, isitumike. Mzazi yeyote ana haki ya kuomba aonyeshwe.

Sasa nguruwe. Seli huota zikiwa zimeng'ang'ania ukuta wa chombo, na ili kuziachanisha hutumika kimeng'enya kiitwacho tripsini. Tripsini nyingi ya viwandani imetoka kwenye kongosho la nguruwe. Huu ni ukweli na hakuna sababu ya kuuficha. Baada ya kazi hiyo seli huoshwa na kuchujwa, na tripsini haiwekwi katika chanjo kama kiungo chake.

Wanazuoni waliulizwa. Mwaka 2003 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, lililokuwa chini ya Sheikh Yusuf al-Qaradawi, lilipelekewa swali hili hasa kuhusu matone ya polio, likaruhusu. Mwaka 2005 Baraza la Maulamaa wa Indonesia (MUI) likatoa fatwa kwamba inajuzu kuwapa watoto chanjo hiyo madamu hakuna nyingine iliyo halali yenye kutimiza kazi ile ile. Wasomaji wa fiqhi wataona hapo milango iliyozoeleka. Mmoja ni istihala, yaani kitu kugeuka kikawa kingine. Mwingine ni kile kichache kumezwa na kingi hata kisibaki na athari. Na upo mlango wa dharura. Wanazuoni hawakulingana katika mlango waliopitia, na fatwa ya Indonesia ina sharti ndani yake, maana yake viwanda vinatakiwa viendelee kutafuta njia isiyo na nguruwe kabisa. Nasi tunaona sharti hilo ni jema. Wallahu a'lam.

KANO

Mwaka 1988 nchi za dunia ziliazimia kuimaliza polio, wakati ilipokuwa ikipoozesha watoto wapatao 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125. Kufikia mwaka 2003 walibaki mamia kadhaa tu. Ndipo Kano, kaskazini mwa Nigeria, mji wa Waislamu na wa elimu, ukaifunga milango.

Viongozi wa dini na serikali ya jimbo walisema matone yametiwa dawa ya kufunga uzazi. Watu wa mbali waliwaita wajinga, lakini mmoja wa waliosimama mbele, Datti Ahmed, alikuwa daktari. Tena Kano ilikuwa na jeraha bichi. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliwajaribia watoto 200 wa Kano dawa mpya iitwayo Trovan na dawa ya kulinganishia. Watoto 11 walikufa katika makundi yote mawili, na wazazi walisema hawakuelezwa kwamba lile lilikuwa jaribio. Kampuni ilikana kosa, na mwaka 2009 kesi ya jimbo ikaisha kwa makubaliano ya dola milioni 75. Mtu aliyeyaona hayo, akisikia wageni wamekuja tena na dawa ya bure kwa watoto, atauliza maswali. Tofauti ya Kano na Ruzizi ni kwamba watu wa Kano waliweza kukataa.

Lakini waliolipa ni watoto. Kirusi kilitoka Nigeria kikavuka nchi baada ya nchi hadi Sudan, kikafika Saudi Arabia, kikapoozesha watoto zaidi ya 470 Yemen mwaka 2005, kikafika Somalia, na mwaka 2006 kikaonekana katika kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya, nchi ambayo haikuwa imeona polio tangu 1984. Nigeria peke yake mwaka 2006 ilihesabu zaidi ya watoto 1,100. Wengi wa watoto hao wote walikuwa Waislamu. Hili ndilo tunaloona zito kuliko yote katika historia hii. Shaka ilikuwa na sababu, na gharama yake ilibebwa na watoto ambao hawakuwahi kukisikia hata kisa cha Trovan.

Kano ilifunguka kwa njia gani? Hotuba za wageni hazikuisaidia sana. Mwaka 2004 ujumbe wa wataalamu ukiwa pamoja na viongozi wa Kiislamu ulipelekwa Afrika Kusini, Indonesia na India kushuhudia vipimo. Kisha ikakubaliwa kwamba chanjo ya Kano itoke nchi ya Waislamu, kiwanda cha Bio Farma mjini Bandung, Indonesia. Mwishoni mwa Julai 2004 kampeni ilipofunguliwa tena, Gavana Ibrahim Shekarau alimleta binti yake mwenyewe akadondoshewa mbele ya watu. Wazazi wa Kano walitaka kuona kile kile ambacho Sabin na Chumakov walikuwa wamekifanya kwa hiari yao.

Bio Farma ina historia ndefu. Ilianzishwa na Waholanzi mwaka 1890 kutengeneza chanjo ya ndui, ikahamia Bandung mwaka 1923, na sasa ni mali ya serikali ya Indonesia. Na ajabu ya mambo ni kwamba mwaka 2005 kirusi kilichotoka Nigeria kilifika Sukabumi, katika jimbo lile lile la Java Magharibi kiliko kiwanda, kikapoozesha watoto zaidi ya 300 wa Indonesia kabla hakijazimwa. Kuwa na kiwanda hakukutosha, kwa kuwa vijiji vilivyopatwa vilikuwa na watoto wengi ambao hawakuchanjwa.

HATARI TULIYOAHIDI KUIELEZA

Kirusi cha matone ni hai, na hutoka na kinyesi. Mahali ambapo watoto wengi wamechanjwa hufa njia. Mahali ambapo wengi hawakuchanjwa kinaweza kuzunguka miezi mingi kutoka mtoto hadi mtoto, kikibadilika kidogo kidogo, mpaka kikarudisha nguvu ya kupoozesha. Aina ya 2 ndiyo iliyoongoza kwa hilo. Kirusi cha asili cha aina hiyo hakijaonekana tangu 1999, kwa hiyo Aprili 2016 dunia nzima iliondoa aina ya 2 katika matone ya kawaida. Bahati mbaya milipuko haikukoma, maana mbegu ilikuwa imeshamwagika.

Ikabidi wataalamu watengeneze kirusi kipya cha aina ya 2, kilichofungwa katika maumbile yake ili iwe vigumu kugeuka. Mwaka 2017 kilijaribiwa kwa wanadamu kwa mara ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji. Watu wazima 30 waliojitolea waliishi siku 28 katika kijiji cha makontena, wasitoke, ili kirusi kisiponyoke. Kila mmoja alielezwa na akatia saini. Nasi tulisoma habari hiyo tukakumbuka nchi ile ile mwaka 1958. Chanjo hiyo, iitwayo nOPV2, ilipata kibali cha dharura mwaka 2020, ikaanza kutumika mwaka 2021, na zimeshatumika dozi zaidi ya bilioni 1. Ilitengenezwa Bandung, na Bio Farma.

Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena kirusi cha polio cha asili. Mwaka 2022 kilichipuka Malawi na Msumbiji, kikiwa kimeingia kutoka Pakistan, kikazimwa, na makao yake yaliyobaki ni Pakistan na Afghanistan. Zote mbili ni nchi za Waislamu.

Kisha zamu ikarudi bondeni kwetu. Machi 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa aina ya 2, wa kwanza baada ya zaidi ya miaka 30. Alipatikana mtoto wa miaka 4 wa wilaya ya afya ya Isale ambaye hakuwa amechanjwa, wakapatikana watoto wengine wawili waliokuwa karibu naye, na kirusi kikaonekana pia katika maji machafu. Uchunguzi ulionyesha jambo ambalo halikuwa limeonekana kabla, kwamba kirusi kile pamoja na vingine vya Kivu Kusini na Tanganyika upande wa Kongo vilitokana na hiyo hiyo nOPV2. Kimetokea mara chache sana ukilinganisha na chanjo ya zamani, lakini kimetokea, tena kwetu. Dawa yake ilikuwa ni kuwafikia watoto ambao hawakuwahi kufikiwa, kwa matone yale yale, na kampeni ya nyumba kwa nyumba ikafanyika mwaka huo huo.

Mtoto aliyefunguliwa mdomo Ruzizi mwaka 1958 akiwa na miaka 10, mwaka 2023 alikuwa mzee wa miaka 75. Baadhi yao wapo, kuanzia Uvira hadi Buyenzi, na yawezekana ndio waliowafungulia milango wenye vichupa walipokuja kwa wajukuu. Tunawaomba wanafunzi wetu wakae na wazee hao na kuwauliza wanakumbuka nini: nani aliwaita, waliambiwa nini, ladha ilikuwaje, walirudi nyumbani wakisema nini. Andikeni, hata kama ni ukurasa mmoja. Ripoti ya madaktari wa mwaka 1958 ina idadi kamili ya watu, haina jina wala neno la hata mmoja wao.